Siasa Ikichafuka, Duka Lako la Mtandaoni Linaumia Wapi? Hesabu Kamili na Mambo ya Kujiandaa

Ndugu mfanyabiashara, kuna kauli tunaisikia sana kwenye magrupu ya wauzaji: "Mimi siasa hainihusu, mimi nauza nguo zangu tu." Sawa. Huna chama, hupandi jukwaani, hugombei hata ujumbe wa serikali ya mtaa. Lakini siku siasa ikichafuka haiji kukuuliza kadi ya chama. Inakuja kupitia mteja aliyekuwa anauliza bei kila siku na sasa kanyamaza. Inakuja kupitia bodaboda aliyegoma kutoka, mzigo uliokwama njiani, na bando ambalo lipo ila halifungui kitu.

Leo tuongee jambo hili kwa utulivu na kwa hesabu. Tutaanza na jirani zetu Kenya, yaliyowakuta mwaka 2007 na 2008, maana pale tunaona vizuri jinsi miezi miwili ya vurugu inavyoweza kula mwaka mzima wa uchumi. Kisha tutaona intaneti inapozimwa inakuwaje. Mwisho tutapiga hesabu ya duka dogo na kuangalia cha kufanya kabla mambo hayajaharibika. Usiruke sehemu ya hesabu.

KILICHOTOKEA KENYA

Desemba 27, 2007 Wakenya walipiga kura ya urais. Desemba 30 tume ya uchaguzi ilimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, na jioni ile ile akaapishwa. Upande wa Raila Odinga ukayakataa matokeo. Vurugu zikalipuka Kisumu, Eldoret, Nakuru, Naivasha na kwenye mitaa ya Nairobi kama Kibera na Mathare. Mpaka makubaliano yaliposainiwa Februari 28, 2008, chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamepoteza maisha na mamia ya maelfu walikuwa wamekimbia makazi yao.

Hapo tusimame kidogo. Hakuna hasara ya biashara inayolingana na uhai wa mtu. Tunaongelea pesa kwa sababu ukurasa huu ni wa biashara, siyo kwa sababu pesa ndiyo ilikuwa kubwa.

Sasa uchumi. Mwaka 2007 uchumi wa Kenya ulikua kwa karibu asilimia 7, kasi nzuri kabisa. Mwaka 2008 kasi ikashuka hadi chini ya asilimia 2. Mwaka 2009, vurugu zimeshaisha zamani, bado ilikuwa kwenye asilimia 3 hivi.

Tuseme ukweli: siyo yote yalisababishwa na vurugu. Mwaka 2008 mafuta na chakula vilipanda bei dunia nzima, mvua hazikuwa nzuri, na mwishoni mwa mwaka likaja anguko la mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya. Lakini Kenya iliingia kwenye matatizo hayo ikiwa tayari imeshapigwa. Ni sawa na mtu aliyetoka kuumwa malaria halafu akanyeshewa mvua.

Na usidanganyike ukasema, "Si bado ulikua kidogo?" Idadi ya watu Kenya wakati ule ilikuwa inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Sufuria la ugali likiongezeka kidogo kuliko walaji, kila mmoja anapata tonge dogo kuliko jana. Yule anayepunguziwa tonge ndiye mteja wako.

HASARA KUBWA HAIKO KWENYE MOTO PEKE YAKE

Vurugu zikitokea, picha zinazosambaa ni za maduka yanayoungua. Hiyo ni hasara ya kweli na inauma. Lakini kuna hasara nyingine haipigwi picha.

Chukua mfano wa hoteli za pwani ya Kenya, kule Diani na Malindi. Majengo yalibaki yamesimama, vitanda vimetandikwa. Lakini watalii waliokuwa wameshapanga safari wakaziahirisha, na ndege za kukodi zilizokuwa zinawaleta kutoka Ulaya zikasitishwa. Mwaka 2008 idadi ya watalii ilishuka kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na 2007.

Fuata mnyororo wake. Hoteli haina wageni, mhudumu anarudishwa nyumbani. Mhudumu hana mshahara, hanunui kiatu cha mtoto. Muuza viatu hajauza, haendi kuchukua mzigo wa jumla. Muuzaji wa jumla anapunguza oda. Hakuna kati yao aliyerushiwa jiwe, ila wote wameumia.

Hili siyo la Kenya tu. Mwaka 1996 mchumi Alberto Alesina na wenzake watatu walichapisha utafiti wao wa nchi 113, kuanzia mwaka 1950 hadi 1982. Waliona kwamba kwenye nchi na vipindi ambavyo serikali iko kwenye hatari kubwa ya kuanguka, uchumi unakua polepole zaidi. Sababu yake hata wewe unaijua. Mwenye pesa akiwa hajui kesho itakuwaje, anasubiri. Hajengi kiwanda, haajiri, hakopeshi. Kusubiri kwa mtu mmoja ni busara. Nchi nzima ikisubiri kwa pamoja, vyuma vinakaza.

Nchi zinazoendelea ndizo zinaumia zaidi hapa, kwa sababu watu wengi wanakula walichopata leo. Mfanyakazi asiye na akiba, serikali isiyo na pesa ya kumshika mkono aliyepoteza kazi, muuzaji mwenye mtaji mmoja tu: wote wakipigwa kwa pamoja, hakuna wa kumwinua mwenzake.

MILANGO MINNE AMBAYO SHIDA INAINGILIA DUKANI KWAKO

Mlango wa kwanza: mfuko wa mteja.

Watu wakiogopa, wanashika pesa. Wananunua unga, mafuta ya kula, mkaa na vocha. Gauni, saa, kava za simu na mapambo ya nyumba vinasubiri. Kenya hili lilizidishwa na jambo moja: Bonde la Ufa, ambako vurugu zilikuwa kali, ndiko yanakolimwa mahindi mengi ya nchi ile. Wakulima walikimbia mashamba na maghala mengine yakachomwa. Bei ya unga ikapanda. Unga ukipanda, shilingi iliyokuwa inabaki kwa ajili ya kununua kwako inaishia jikoni.

Kwa hiyo ukiona mauzo yameshuka wakati wa joto la siasa, usikimbilie kufikiri kwamba picha zako ni mbaya au mtandao umekuficha. Inawezekana mteja yupo, anaona posti zako, ila ameshika pesa yake.

Mlango wa pili: barabara.

Bandari ya Mombasa inahudumia Kenya na pia Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Januari 2008 barabara ya kupita Naivasha, Nakuru na Eldoret ilifungwa mara kwa mara na vizuizi vya mawe na matairi. Malori yakawa yanasubiri kusindikizwa na askari. Reli ya kwenda Uganda ikang'olewa pale Kibera. Makontena yakarundikana bandarini. Petroli ikaadimika Kampala na Kigali, na bei ikaruka.

Fikiria muuzaji wa Kampala wakati ule. Uchaguzi haukuwa wa kwao, hakupiga kura, labda hata majina ya wagombea hakuyajua yote. Ila mzigo wake umekwama, gharama za kontena kukaa bandarini zinahesabiwa kila siku, na nauli ya kusafirisha bidhaa imepanda. Fahali wawili walipigana Nairobi, nyasi zikaumia hadi Kigali.

Mlango wa tatu: intaneti.

Huu ndio mlango wetu hasa sisi wa mtandaoni. Mwaka 2008 Kenya wauzaji wa mtandaoni walikuwa wachache sana. Leo duka lako lote liko kwenye simu, kwa hiyo tuangalie mifano ya karibuni.

Bangladesh kuna watu wengi sana, wakiwemo akina mama wa nyumbani, wanaouza nguo, vipodozi na vyakula kupitia kurasa za Facebook, kama tunavyofanya sisi. Julai 2024 wanafunzi waliandamana kupinga mgawanyo wa ajira za serikali. Mambo yakawa makubwa, mamia ya watu wakauawa. Julai 18 intaneti ikazimwa nchi nzima. Ile ya waya ilianza kurudi Julai 23, ya simu ikarudi Julai 28, na Facebook yenyewe ikafunguliwa Julai 31. Agosti 5 waziri mkuu Sheikh Hasina akakimbia nchi. Kwa muuzaji wa Facebook, hizo ni karibu wiki mbili duka limefungwa na funguo hana yeye.

Uganda nako wanajua. Februari 2016, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizimwa pamoja na huduma za kutuma pesa kwa simu. Januari 2021 intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kama tano, na iliporudi Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka. Waliokuwa wameweka wateja wao wote pale walilazimika kuanza upya au kupita njia za mzunguko.

Na hapa Tanzania, kuanzia siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Wengi mnaosoma hapa hamhitaji kuelezwa ilikuwaje.

Mlango wa nne: mkopo na bei ya dola.

Huu ni wa polepole na watu hawauoni. Nchi ikitikisika, wanaoikopesha serikali wanaogopa na kutaka riba kubwa zaidi. Kenya ilikuwa na mpango wa kuuza hatifungani yake ya kwanza nje ya nchi mwaka 2008. Mpango ukaahirishwa, na hatifungani hiyo ilikuja kuuzwa mwaka 2014. Juni 2024, baada ya maandamano makubwa, serikali ya Kenya iliuondoa muswada wa fedha uliokuwa na kodi mpya. Julai kampuni ya Moody's ikaishusha daraja Kenya katika uwezo wa kulipa madeni.

Wewe unaingiaje hapo? Serikali ikikosa mkopo nafuu nje, inakopa zaidi ndani kwa riba nzuri. Benki inajiuliza: nimkopeshe muuza mikoba, au niipe serikali nilale usingizi? Mkopo wako unakuwa mgumu au ghali. Na kama shilingi nayo ikidhoofika kwa sababu watu wanakimbilia dola, mzigo wako wa China au Dubai unapanda kabla hujaugusa.

KWA NINI NCHI NYINGINE ZINAGOMBANA ILA HAZIANGUKI?

Usielewe vibaya kwamba dawa ni watu wote wakae kimya. Kila nchi ina ugomvi wa siasa. Tofauti iko hapa: je, kuna sehemu ya kuupeleka ugomvi ambayo pande zote zinaiamini?

Kenya 2007, upande ulioshindwa ulisema wazi kwamba hauiamini mahakama kwenye kesi ya urais. Ugomvi ukaenda barabarani. Baadaye wakaandika katiba mpya, ikazinduliwa Agosti 2010, na ndani yake ikawekwa Mahakama ya Juu yenye siku 14 tu za kuamua kesi ya uchaguzi wa rais. Mwaka 2017 mahakama hiyo ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani na kuamuru uchaguzi urudiwe. Mwaka ule haukuwa shwari, watu walikufa na biashara ilipoa kwa miezi, lakini nchi haikurudi kwenye hali ya 2008. Mwaka 2022 kura zilipigwa Agosti 9, kesi ikaenda mahakamani, Septemba 5 hukumu ikatoka na watu wakarudi kazini.

Kwa mfanyabiashara, zile siku 14 ni kitu kikubwa. Ukijua ugomvi unaisha lini, unaweza kupanga. Unajua usiagize mzigo wiki hii, ila wiki ya tatu utaagiza. Kinachoua biashara ni kutojua. Kwa hiyo mtu anapodai tume inayoaminika, mahakama huru na kura zinazohesabiwa vizuri, hata kama hatumii neno "uchumi", anaongelea mtaji wako.

SASA HESABU YA DUKA LAKO

Tuchukue mfano wa muuzaji mmoja. Siyo mtu halisi, ni hesabu tu, badilisha namba uweke zako.

Mtaji wake ni shilingi 1,000,000. Kwa siku anauza 80,000, na faida ndani yake ni 20,000. Sasa tuangalie gharama zake zisizosubiri, yaani zile zinazodai hata kama hajauza:

Chakula na matumizi ya nyumbani: 10,000 kwa siku.
Marejesho ya mkopo: 35,000 kwa wiki, sawa na 5,000 kwa siku.
Kodi ya fremu ya kuwekea mzigo: 100,000 kwa mwezi, sawa na 3,300 hivi kwa siku.

Jumla ni 18,300 kwa siku. Faida ni 20,000. Kwa hiyo kinachobaki kweli kweli ni 1,700 kwa siku. Hiyo 1,700 ndiyo "ukuaji wa uchumi" wa duka lake.

Sasa zije siku 10 bila kuuza. Hajaibiwa, hajachomewa, mzigo upo salama. Lakini gharama zisizosubiri zimekula 183,000. Zimetoka wapi? Kwenye mtaji. Mtaji umebaki 817,000.

Mambo yakitulia, ili arudi pale alipokuwa anatakiwa kukusanya 183,000 kwa kasi ya 1,700 kwa siku. Gawanya. Ni siku 107 na ushee, zaidi ya miezi mitatu na nusu. Na hapo tumemwonea huruma, maana tumechukulia kwamba wateja wote wamerudi siku ile ile na bei ya jumla haijapanda.

Siku 10 za kufunga, miezi mitatu na nusu ya kurudisha. Ukiielewa hesabu hii, umeelewa kwa nini miezi miwili ya Kenya ilikula mwaka mzima. Nchi nayo ina gharama zisizosubiri: mishahara, madeni, dawa za hospitali. Uzalishaji ukisimama, hizo hazisimami.

MAMBO SABA YA KUFANYA MAPEMA

1. Jua gharama zako zisizosubiri kwa siku. Leo, siyo kesho. Chukua daftari, andika kama tulivyofanya hapo juu. Muuzaji asiyeijua namba hii hajui anaweza kufunga siku ngapi kabla hajaanza kula mtaji.

2. Weka akiba ya siku za kufunga. Anza na siku 7. Kwa mfano wetu, 18,300 mara 7 ni 128,100. Kwa kuweka 1,700 kila siku, itachukua siku 75 hivi. Umeona? Akiba ya kipindi cha uchaguzi haiwekwi wiki ya uchaguzi, inaanza miezi kadhaa kabla. Ukifikisha siku 7, nenda kwenye 14. Sehemu iwe kwenye simu, sehemu iwe taslimu ndani ya nyumba, siyo yote upande mmoja.

3. Usijaze mzigo kwa mkopo kabla ya tarehe zenye joto. Uchaguzi, hukumu kubwa, bajeti yenye kelele: zote zina tarehe na unazijua mapema. Wiki mbili tatu kabla, chukua mzigo kidogo kidogo unaotoka haraka. Kama una marejesho, nenda kaongee na anayekukopesha kabla hujachelewa, uliza kama tarehe inaweza kusogezwa. Ukienda mapema unasikilizwa kuliko ukienda na madeni mawili mgongoni.

4. Toa wateja wako ndani ya mtandao, uwaandike kwenye daftari. Jina, namba ya simu, mtaa, anachopenda kununua. Intaneti ikizimwa, mara nyingi simu za kawaida na meseji zinabaki. Mwenye namba 150 za wateja kwenye daftari bado ana duka. Mwenye wafuasi elfu kumi na hana namba hata moja amebaki na simu yenye tochi.

5. Kuwa na njia zaidi ya moja ya kupokea pesa. Kenya, M-Pesa ilikuwa haijafikisha hata mwaka mmoja vurugu zilipoanza. Mabenki na maduka yalipofungwa, watu waliitumia kutumiana pesa na vocha na ndugu waliokwama. Waliokuwa na njia ya pili walipumua. Lakini kumbuka Uganda 2016, njia hiyo hiyo ilizimwa. Kwa hiyo uwe na mtandao wa simu zaidi ya mmoja, na taslimu kidogo ya dharura.

6. Pesa ya oda siyo mtaji wako. Mteja akikulipa mapema na mzigo haujafika, ile hela bado ni yake. Itenge. Vurugu zikitokea na mzigo ukakwama, utaweza kumwambia: "Dada, mzigo umekwama, nikurudishie pesa yako au unasubiri?" Wengi watasubiri kwa sababu umewapa uhuru wa kuchagua. Ila kama umeshaitumia, utaanza kukwepa simu, na hapo hata amani ikirudi jina lako halirudi. Kabla ya kutuma mzigo wowote, muulize pia wakala wako wa usafirishaji: mzigo ukichelewa bandarini au njiani, gharama za ziada analipa nani? Akuandikie, hata kwa meseji.

7. Linda watu na linda mdomo wa ukurasa wako. Kama mtaa hauko salama, usimtume bodaboda kwa sababu ya oda ya 15,000. Oda itasubiri, yeye ana watoto. Halafu usisambaze sauti wala video ambayo hujui imetoka wapi. Wewe kama raia una haki ya kuwa na msimamo wako, hilo hatuligusi. Tunachosema ni kwamba wateja wako ni wa vyama vyote, dini zote na makabila yote. Kenya 2008 majirani waliochomeana maduka walikuwa wameuziana vitu miaka mingi, na maneno yalitangulia kabla ya kiberiti.

NA VURUGU ZIKIISHA?

Usiamke siku ya kwanza ukapandisha bei mara mbili kwa sababu bidhaa zimeadimika. Kama bei ya jumla imepanda kweli, mwambie mteja wazi: "Nilikuwa nanunua kwa hii, sasa nanunua kwa hii." Anaelewa, maana hata yeye unga wake umepanda. Anayekumbukwa vibaya ni yule aliyekuwa na mzigo wa zamani stoo akauza kwa bei ya shida.

Wapigie simu wateja wako wa kwenye daftari kabla hujaposti chochote. Waulize hali, mzima, familia salama? Biashara itajileta yenyewe baadaye. Kisha anza na vitu vya bei ndogo vinavyozunguka haraka, rudisha mtaji taratibu, na kabla hujafikiria kuongeza aina mpya ya bidhaa, jaza kwanza ile akiba ya siku 7 uliyoitumia.

Kenya nayo ilirudi. Mwaka 2010 uchumi wake ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Lakini kuna waliokuwa na maduka mwaka 2007 ambao 2010 haikuwakuta tena kwenye biashara. Nchi inaweza kusubiri miaka miwili ikainuka. Mtaji wa shilingi milioni moja hauna miaka miwili.

Sasa kazi ya leo: chukua daftari, piga hesabu ya gharama zako zisizosubiri kwa siku, halafu gawanya akiba uliyonayo kwa namba hiyo. Tuandikie kwenye komenti umepata siku ngapi. Usitaje pesa, taja siku tu. Na kama intaneti iliwahi kukukatikia ukiwa na oda za watu mkononi, tuambie ulifanyaje, maana mwenzako atajifunza kwako kuliko kwetu.